Zuhura, Twiga Nimemwona Singapore

Little India, Singapore
Jumapili usiku

Shoga yangu mpendwa Zuhura,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na bibi na watoto, na kwamba jiko lako bado linawaka alfajiri kabla ya jirani yeyote kuamka. Mimi sijambo, isipokuwa miguu yangu imevimba, na begi la mgongoni ulilolidharau siku ile bandarini, ukasema ninaonekana kama kobe aliyefukuzwa kwao, sasa limekuwa mto wangu wa kuegemea ninapokuandikia.

Bila shaka unakumbuka swali uliloniuliza siku hiyo. Ulitaka kujua ni mtu wa aina gani anayetoka katika nchi ya Serengeti na Ngorongoro, akavuka Bahari ya Hindi yote, kisha akalipa kiingilio ili amwangalie twiga katika kisiwa ambacho hakikuumbiwa twiga. Nilicheka nikapanda boti, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Leo nimekwenda katika bustani hiyo ya wanyama, nimeshinda huko, na usiku nimekula chakula ambacho ni lazima nikueleze hatua kwa hatua, kwa kuwa najua ukifika hapo utaisoma barua kwa jicho la biashara.

Nianze na asubuhi. Hosteli ninayolala ina vitanda vya kupandana, na chini yake kwa mwendo wa dakika chache kuna Tekka Centre, soko la samaki na nyama lenye vibanda vya chakula upande mmoja. Meza zote zilionekana tupu, nikakaa, nikashangaa kuona watu wananitazama kwa huruma. Kumbe mezani palikuwa na pakiti ndogo ya tishu, na hapa pakiti ya tishu ni sawa na mtu aliyekaa: mwenyewe amekwenda kupanga foleni, na kiti chake ni chake hata akichelewa. Hakuna anayeichukua pakiti hiyo. Nilijaribu kuwaza tungeiacha pakiti kama hiyo juu ya meza Darajani ikae kwa muda gani, nikaona heri ninywe kahawa yangu.

Kahawa yao wanaiita kopi. Buni hukaangwa pamoja na sukari na siagi hadi ziwe nyeusi za kung'aa, kisha kahawa huchujwa kwa mfuko mrefu wa kitambaa unaofanana na soksi, na ukisema “kopi” peke yake utaletewa yenye maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari. Ukitaka isiyo na maziwa, sema “kopi O”. Inakuja na mkate wa kuchoma uliopakwa siagi na kaya, na kaya, Zuhura, ni tui la nazi, mayai na sukari vilivyokorogwa juu ya moto mdogo mpaka vigande, vikitiwa harufu ya jani la pandani, ambalo ni jamaa wa mkadi wetu. Pembeni huwekwa mayai mawili yaliyochemshwa kidogo tu, ambayo unayapasulia katika kisahani na kuyatia sosi ya soya na pilipili manga nyeupe. Mayai hayo sikuyapenda. Kaya nimeinunua chupa moja, na ni yako.

Kabla sijatoka katika habari ya vibanda, nikupe moja utakayomwambia yule bwana wa ushuru anayekusumbua. Wauzaji hawa zamani walikuwa barabarani kama wewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwaandikisha, ikawajengea majengo yenye maji na mifereji, na kufikia 1986 wote walikuwa wamehamishiwa humo. Tangu 2020 utamaduni huu wa chakula cha vibandani umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kazi ya mama lishe, yaani kazi yako.

Nilifungiwa wali wa kula mchana, nikapanda treni hadi kituo kiitwacho Khatib. Nilipoona jina hilo katika ramani nilidhani nimechoka. Lakini ni neno lile lile, kwa maana Kimalay nacho kimechota katika Kiarabu kama sisi: waktu ni wakati, selamat ni salama, na khatib ni hatibu. Kutoka hapo kuna basi la kwenda Mandai, ambako mji unakwisha ghafla na msitu unaanza, na bustani yenyewe imekaa kando ya bwawa la maji la Upper Seletar. Haikuwekwa hapo kwa bahati. Aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya huduma za umma, Ong Swee Law, alisimamia ardhi kubwa iliyohifadhiwa kuzunguka mabwawa ya maji ya kunywa, akaona sehemu yake inaweza kuwa mahali pa watu kupumzika, na akamwita Lyn de Alwis, mtaalamu kutoka Sri Lanka, amsaidie kuipanga. Ilifunguliwa tarehe 27 Juni 1973.

Hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Nilitarajia vyuma. Nilikuwa nimejiandaa kuona wanyama nyuma ya nondo, niwaonee huruma, kisha nikuandikie barua ya kulalamika. Badala yake nilitembea karibu saa nzima bila kuona kizuizi, mpaka nikasimama kwenye ukingo wa kichaka nikachungulia, nikagundua kwamba mbele ya miguu yangu kuna handaki la maji, limefichwa kwa mimea, na kwamba mnyama aliye ng'ambo anajua vizuri kuliko mimi lilipo. Kila mnyama amepimiwa kizuizi chake: anayeweza kuruka amewekewa upana, anayepanda miti amewekewa maji, na wachache ambao havitoshi vyote viwili wamewekewa kioo. Ni kazi ya akili kubwa, na siwezi kusema kama ni wema au ni hila. Nilisimama pale nikawaza kwamba ukuta usioonekana ndio unaodumu zaidi, kisha nikakumbuka kisa alichonisimulia mzee mmoja wa Kimalay tuliyekaa naye benchi moja. Miaka ya mwanzo hila hiyo haikuwa imekomaa. Mwaka 1973, hata kabla milango haijafunguliwa, chui mweusi alitoroka, na hakupatikana mpaka mwaka uliofuata. Halafu mwaka 1974 kiboko akatoka naye, akaingia katika bwawa la maji, akakaa humo kwa wiki kadhaa akiwachungulia watu. Nilimwuliza mzee jina la kiboko huyo. Akanijibu: “Congo.” Nilicheka mpaka akanipa maji. Mtu ukimwita Congo ukamweka kando ya maji mengi, unategemea nini?

Orangutani ndio nilioondoka nao moyoni. Jina lenyewe ni la Kimalay, orang hutan, yaani mtu wa msitu, na ukimwona hutauliza kwa nini. Wanapita juu ya vichwa vya watu kwa kamba na matawi, kwa sababu hawajui kuogelea na maji yaliyo chini yanatosha kuwazuia. Mmoja alikaa juu yangu, amefunika kichwa kwa jani kubwa kwani mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza, na chini watu zaidi ya arobaini tulikuwa tumefunika vichwa kwa ramani zetu. Karibu hapo ipo sanamu ya Ah Meng, jike wa Sumatra ambaye alikuwa akifugwa nyumbani kinyume cha sheria hadi alipochukuliwa mwaka 1971. Baadaye akawa anakula kifungua kinywa mezani na wageni, Michael Jackson akiwa miongoni mwa waliokwenda kumwona. Alipokufa Februari 2008 watu kwa maelfu walikwenda kumuaga. Mzee wangu wa benchi alikuwa mmoja wao. Nilimtania kidogo kuhusu mtu mzima kumzika nyani, naye hakucheka, nami nikanyamaza.

Sasa nifike kwa twiga, kwa kuwa najua umeruka mistari kumtafuta.

Nina miaka thelathini na minne. Nimemwona twiga katika mkia wa ndege, katika mifuko ya saruji, katika vitabu vya darasa la pili na katika fulana wanazouziwa watalii Forodhani. Katika nyama na damu sikuwa nimepata kumwona, na hukuniambia siku ile bandarini kama wewe umemwona, ingawa uliniuliza kwa sauti ya mtu anayeamka naye. Nilifika mahali pao saa za kulisha, nikalipa dola kadhaa nyingine, nikapewa karoti. Alikuja taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi kwa heshima, akainamisha shingo, na ulimi ukatoka mweusi wa zambarau, urefu wake karibu nusu mita, ukaizunguka karoti na vidole vyangu viwili. Ni mkavu kuliko unavyodhani, na una nguvu. Mhudumu, kijana mdogo, aliniuliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafurahi sana, akasema, basi wewe unawaona hawa kila siku! Zuhura, nilisema ndiyo. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimdanganya kijana wa watu kwa sababu nilishindwa kumweleza kwamba kutoka kwetu mpaka kwa twiga kuna boti, basi, gari la kukodi na kiingilio, na kwamba mtu wa Unguja huweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila kumwona mnyama wa taifa lake.

Nyani nao walinikasirisha kidogo. Kuna sehemu waliyoiita Bonde la Ufa la Ethiopia, yenye mteremko wa mawe, mbuzi wa mlimani wenye pembe za kujipinda, na kundi kubwa la nyani madume wenye manyoya ya kijivu mabegani kama joho la kadhi na makalio mekundu ya kutisha. Wanyama wenyewe wanapendeza, na ule msemo wetu wa nyani na kundule nimeuelewa leo kuliko siku zote. Lakini pembeni wamejenga vibanda vya kijiji cha Kiethiopia, na vyombo, na nguo, bila mtu ndani, kana kwamba wenyeji wa Bonde la Ufa ni sehemu ya mandhari ya nyani. Sikuona kijiji cha Kijerumani pembeni ya mbwamwitu. Niliandika neno hilo katika daftari la maoni, kwa heshima.

Lakini kilichonikaa mpaka sasa ni mnyama ambaye hayupo. Mzee aliniuliza, “Kwenu Inuka maana yake nini?” Nilimwambia: nyanyuka, simama. Akashika kichwa. Akanieleza kwamba palikuwepo hapa dubu mweupe wa ncha ya kaskazini aliyeitwa Inuka, kwa lugha ya Wainuiti, jina lililochaguliwa na wananchi kwa shindano na lenye maana ya mwindaji anayenyemelea kimya. Alizaliwa Desemba 1990, dubu mweupe wa kwanza kuzaliwa katika nchi za joto, mama yake akiwa ametoka Ujerumani na baba Kanada. Hakuwahi kuona barafu isiyotengenezwa na mashine. Joto la hapa unalijua, ni kama la kwetu mwezi wa Machi, na mwaka 2004 yeye na mama yake waligeuka rangi ya kijani, kwa sababu manyoya ya dubu huyo yana uwazi katikati kama mrija, na mwani uliota humo ndani. Walisafishwa, weupe ukarudi. Uzeeni miguu ilimsumbua, viungo vikakaza, akawa hawezi tena kusimama sawasawa, na tarehe 25 Aprili 2018, akiwa na miaka ishirini na saba, madaktari walimlaza usingizi wa mwisho. Bustani ilikuwa imekwisha kuamua kwamba haitaleta dubu mwingine wa aina yake. Niliposikia hayo nilirudia jina lake kimoyomoyo, na kila nilipolirudia lilikuwa amri: inuka, inuka. Mzee akasema angefurahi kama wangelijua hilo zamani. Mimi sina hakika kama ningefurahi.

Wali wangu nilikuwa sijaufungua, kwa hiyo tukatoka nje ya lango tukakaa kwenye benchi la kituo cha basi. Unaitwa nasi lemak. Nikuambie ulivyo, nawe uniambie kama si wizi: wali uliopikwa kwa tui la nazi na jani la pandani, dagaa wa kukaanga wakavu wa kuvunjika mdomoni, karanga, yai, vipande vya tango, na pilipili ya kusaga iliyopikwa na kitunguu, ukwaju na kamba waliovundikwa na kusagwa. Ni wali wa nazi na dagaa, Zuhura. Nilisafiri siku tatu kwa ndege na mabasi kuja kula chakula cha Jumanne nyumbani kwa mama. Tofauti iko kwenye ile pilipili, ambayo ina utamu mwanzoni kisha inakuja kwa nyuma kama mgomvi. Nilikuwa natafuna nikiwaza namna ya kukueleza utamu huo, mara kima wa mwituni mwenye mkia mrefu, ambaye si wa bustani na hajapimiwa handaki na mtu, alishuka juu ya paa la kituo, akachukua yai langu kwa mkono mmoja, akanitazama usoni kama mtoza ushuru, akaondoka. Mzee alisema hao ndio raia halisi wa Mandai. Kwetu Jozani kima punju hawana adabu mbaya kiasi hicho.

Jioni niliagana na mzee, nikarudi mjini mpaka mtaa wa Kampong Glam, nikaswali Magharibi Masjid Sultan. Msikiti wa kwanza hapo ulijengwa miaka ya 1820, na huu wa sasa ulikamilika 1932. Kuba lake ni la rangi ya dhahabu, lakini chini ya kuba kuna mkanda mweusi unaong'aa, nao umetengenezwa kwa vitako vya chupa za kioo zilizochangwa na maskini ambao hawakuwa na fedha ya kutoa, ili nao wawe na sehemu katika jengo. Mtaa wa karibu unaitwa Arab Street, na majina ya koo kubwa za hapa, akina Alsagoff, Alkaff na Aljunied, ni ya Wahadhrami, watu wa pwani ile ile iliyotuletea babu za nusu ya mtaa wetu. Mama mmoja aliyekuwa akivaa viatu kando yangu aliniuliza ninatoka wapi, na niliposema Zanzibar akasema mjomba wa babu yake alikwenda huko hakurudi. Nikamwambia huenda nimesoma na wajukuu zake.

Mkabala na msikiti upo mgahawa wa tangu 1908, na hapo ndipo utakapotoa kalamu. Wanapika kitu kiitwacho murtabak. Mpishi huchukua donge la unga lililolala katika mafuta, analibamiza juu ya meza, analirusha hewani na kulizungusha, na kila likirudi limekuwa jembamba zaidi, mpaka unaona rangi ya meza kupitia humo kama unavyoona mkono kupitia buibui la hariri. Hapo hulitandaza juu ya chuma cha moto chenye samli, anamimina katikati nyama ya kusaga iliyokwisha kuungwa, kitunguu kingi na yai, kisha anakunja pande nne likawa mraba, anageuza mara mbili, anakata vipande. Unapewa na bakuli la mchuzi wa bizari. Yaani ni mkate wa kima. Ile wanayowauzia watalii Forodhani wakaiita piza ni mtoto wa huyu aliyekosa malezi. Kosa letu, kama utaniruhusu, ni kwamba donge hatulilazi katika mafuta muda wa kutosha, kwa hiyo tunalisukuma kwa mti badala ya kulirusha, na linabaki nene. Nimemwuliza mpishi, akasema saa kadhaa, na akanionyesha kwa mkono kwamba likiwa tayari unalivuta nalo halivutiki kurudi.

Nilikula peke yangu murtabak ya watu wawili. Halafu nikaanza kucheka hadharani, kwa kuwa nilikumbuka nimeshinda nikiangalia kima, nimeibiwa yai na kima, na usiku nimemalizia kwa mkate wa kima, na hapakuwa na mtu hata mmoja mezani wa kumweleza kwa nini linachekesha. Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Doriani nimeiona ikiuzwa kwa bei ya dhahabu, na ndani ya treni zao ipo alama ya kuikataza kama wanavyokataza sigara. Usimwambie baba yako, anayo minne shambani na atataka kuhamia huku.

Kesho asubuhi nitavuka daraja kuingia Johor Bahru, kisha basi hadi Melaka. Kaya nimeifunga ndani ya soksi mbili isivunjike. Na jambo moja zaidi: nimepiga hesabu ya boti ya Dar, treni ya umeme hadi Morogoro na gari hadi Mikumi, kwa watu wawili, siku mbili. Inatoka pungufu ya nilichotumia hapa kwa wiki. Funga jiko wiki ya pili baada ya mimi kurudi, inshallah, na tafadhali usimpe mtu mwingine nafasi yako. Yule kijana wa karoti nilimwahidi picha.

Nisalimie bibi, na umwambie dawa ya miguu aliyonipa inafanya kazi.

Ni mimi shoga yako,
Rukia